Chupa ya Juu: Maisha ya Marehemu Evelina Sefania Shemweta (1981–2025)

Siku ya Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, saa nne na robo asubuhi, katika hospitali ya rufaa huko Moshi, moyo wa dada yetu Evelina ulisimama, na saa hiyo hiyo kaka yake mkubwa Tobia alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya wodi akisubiri kuruhusiwa kuingia, mkononi ana chupa ya uji, na kinywani ana neno moja alilokuwa amelibeba kwa miaka miwili na miezi kumi bila kulisema. Muuguzi alitoka, akamtazama, akamwambia, "Baba, hiyo chupa iweke chini kwanza," na Tobia akaelewa kwamba uji hautanyweka na neno halitasikika.

Mchungaji, wazee wa kanisa, viongozi wa kitongoji, wafanyakazi wenza wa marehemu mliotoka Morogoro, na ninyi nyote mliopanda kilima hiki kutuzikia mtoto wetu, familia imempa Tobia kazi ya kuwasomea historia hii, naye amekubali kwa sharti moja, kwamba humu ndani aandikwe kwa jina lake kama wengine walivyoandikwa, asije akajificha nyuma ya neno "mimi". Elimu yake ni ya darasa la saba na husoma polepole, kwa hiyo tunawaomba uvumilivu.

Marehemu Evelina alizaliwa Jumapili, tarehe 17 Mei 1981, hapa hapa kitongojini Kwengoma, nje kidogo ya Kwai, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa marehemu mzee Sefania Shemweta na mama yetu Eliza, ambaye yupo hapa mbele yetu, na alibatizwa mwezi Julai mwaka huo huo, siku ya baridi kali, na mama husimulia hadi leo kwamba maji ya ubatizo yalipomgusa hakulia, aliyafuata kwa macho tu yalikokuwa yakitiririka.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1989. Mwaka 1990 aliugua homa iliyovimbisha magoti na vifundo kwa wiki nyingi, baba akambeba mgongoni hadi Lushoto mjini, akapona, tukamshukuru Mungu na kusahau, kumbe homa ile ilikuwa imeacha alama kwenye moyo, na alama hiyo ndiyo iliyotuleta hapa leo. Mwaka 1996 alijiunga na sekondari ya wasichana Kifungilo, na baadhi ya jamaa walimuuliza baba kwa nini Mlutheri anampeleka binti kwa masista, baba akawajibu kwamba hesabu za Wakatoliki na za Walutheri zinatoa jibu moja, na kama zinatofautiana, basi aletewe aone. Alimaliza mwaka 1999, akaenda kusomea ufundi wa maabara, na tarehe 1 Novemba 2003 aliajiriwa katika maabara ya chuo kikuu kimoja huko Morogoro, alikofanya kazi hadi ugonjwa ulipomlaza.

Tunaomba tuieleze kazi yake kidogo, kwa sababu wengi wetu hatukuielewa, na kutoielewa huko kulitugharimu. Kuanzia mwaka 2012 Evelina aliwekwa kwenye kikundi cha kutafuta hamira za porini zinazoishi katika maji baridi, yaani maziwa na mito, na hasa zile zenye rangi, nyekundu, rangi ya chungwa na za waridi. Alichota maji Ziwa Jipe, alichota mto Pangani, mto Umba na mto Ruvu, kila chupa ikiwa na namba, tarehe na saa, kisha akarudi maabara, akamwaga tone kwenye kisahani chenye chakula cha hamira kilichoganda kama mafuta, akafunika na kungoja siku tatu, nne, hata tano, mpaka madoa yaote. Doa jekundu peke yake hakuliamini, kwa kuwa wako viumbe wengine wadogo zaidi wenye rangi hiyo hiyo, kwa hiyo aliliangalia kwa hadubini aone kama chembe zake zinachipua vijitoto ubavuni kama hamira inavyofanya, na aliilisha sukari aone kama itatoa povu. Hamira hizi nyekundu hazitoi povu, haziumui andazi wala hazichachui boha, pombe yetu ya miwa, na siku aliposema hivyo nyumbani, mzee mmoja jirani aliweka kikombe chake cha boha chini akasema, "Hamira isiyochachua miwa ni mvivu tu, mnailipia mshahara wa nini?" Baba naye alimuuliza, "Mwanangu, umesoma miaka yote hiyo uje kutazama utelezi wa mtoni?" Evelina akajibu, "Baba, Mungu aliutazama kabla yangu akaona kuwa ni vyema, mimi ni nani nisiutazame?"

Tarehe 20 Desemba 2008 alifunga ndoa takatifu na mwalimu Edgar, ambaye yupo hapa, na Mungu akawajalia watoto wawili, Glory, aliyezaliwa tarehe 9 Machi 2010, na Kristian, aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 2013, wakati ambapo madaktari walikuwa wamekwisha kumwonya kwamba moyo wake hautaki mzigo mwingine, akasema huu si mzigo. Katika nyumba yao Evelina hakujulikana kwa kusema sana, alijulikana kwa kuuliza mara moja na kusikiliza jibu hadi mwisho.

Sasa tunafika mwaka 2022, na hapa familia imekubaliana tusiruke.

Mwishoni mwa mwezi Machi mwaka huo, mvua zilipokuwa zimeanza, akina mama wa Kwengoma waliona kitu ambacho hawakuwahi kukiona, mtindi uliolala siku mbili tatu unaota madoa mekundu juu ya utando, na ndani ya shingo za madumu ya maziwa unaganda utelezi wenye rangi ya fizi za mtoto. Tarehe 26 Machi kituo cha kukusanyia maziwa kiliyarudisha madumu yetu yote, tarehe 28 kikayarudisha tena, na kwa watu ambao ada ya shule na chumvi vinatoka kwenye ng'ombe mmoja au wawili, hayo hayakuwa mambo madogo. Ilianza kusemwa kwamba maziwa yana damu, na damu haiji yenyewe.

Juu kabisa ya kijito cha Nkindu, ambako sote tunaoshea madumu, iko nyumba moja tu, ya mama Perpetua, aliyekuja milima hii kutoka Njombe akiwa msichana kuchuma chai, akaolewa na marehemu Januari, akabaki mjane, binti yake Pendo akaolewa mbali. Mama huyu hafugi ng'ombe, Kishambaa chake mpaka leo kina lafudhi ya kwao, na bustani yake ya kando ya maji ilikuwa na matuta manne ya bitiruti, na watu wakaunganisha wekundu wa bitiruti, wekundu wa maziwa na ugeni wake wa miaka arobaini, wakapata walichokuwa wanakitafuta. Tobia alikuwa miongoni mwao. Haandikwi hapa kama mtu aliyesukumwa, aliamini.

Mwenyekiti wetu wa kitongoji, mzee Alphonce, ambaye hapendi kuhukumu gizani, alisema, "Tobia, si una mdogo wako anayesomea maji? Mpigie." Evelina akaagiza kwa simu, akirudia mara mbili kama kawaida yake, kwamba atatuma kwa basi chupa mbili zilizofungwa, moja ijazwe juu ya nyumba ya mama Perpetua, pale maji yanapotoka msituni, na nyingine ijazwe chini, kwenye kivuko, kisha zirudishwe upesi. Ikiwa hamira nyekundu, ambayo ndiyo aliyoishuku, imo juu na chini, basi ni ya kijito chenyewe na mama yule hana habari nayo, na ikiwa imo chini tu, basi kuna kitu kinaingilia kati. Sote tuliuelewa mtego huo, na tulikaa tukiusubiri ufyatuke.

Jumapili, tarehe 3 Aprili, baada ya ibada, Tobia alipanda hadi msituni na kuchota maji ya juu kwa ndoo safi, akashuka nayo nyumbani, kwa kuwa chupa alikuwa ameiacha kabatini isije ikavunjika njiani. Mkewe Modesta alipoiona ile ndoo, akauliza maji ni ya nani, akaambiwa ni ya kwenda chuo kikuu, akashika kiuno. "Baba Yunis, unampelekea mtaalamu maji mabichi? Unataka waseme kwetu hatukufundishwa?" Na ni kweli tumefundishwa. Tangu miaka ile ya kipindupindu, wahudumu wa afya wamepita nyumba hadi nyumba wakituambia kwamba maji ya kumpa mtu huchemshwa, mgeni akija maji huchemshwa, na mtu wa heshima hapewi maji ya kutoka ndooni. Tobia akaona mkewe ana akili. Waliyachuja kwa kitambaa cheupe, wakayatia kwenye sufuria, yakatokota vizuri, wakayapoza, wakaijaza ile chupa mpaka shingoni, wakaifunga na kuiandika "juu", na wote wawili walilala wakiwa wametosheka. Asubuhi yake, Jumatatu, basi lilikuwa linapiga honi barabarani, Tobia akakimbia kivukoni akaitumbukiza chupa ya pili ilivyo, akaifunga akiwa anakimbia, na ile haikuchemshwa kwa sababu hapakuwa na muda.

Jumatatu iliyofuata, tarehe 11 Aprili, Evelina alipiga simu akasoma karatasi ya majibu. Chupa ya chini imeota hamira nyekundu, tena nyingi. Chupa ya juu haijaota kitu. Alisema pia, "Lakini kaka, msifanye lolote kwanza, kuna jambo silielewi." Tobia alilisikia neno la kwanza na neno la pili, akaenda kuwaambia watu neno la kwanza.

Kabla jua halijazama bitiruti zote za mama Perpetua zilikuwa zimeng'olewa na kurundikwa mlangoni kwake. Yeye hakupiga kelele, aliziokota moja moja, akazichemsha, akala, na hilo nalo likasemwa. Jumatano, tarehe 13 Aprili, katika wiki ya mateso ya Bwana wetu, mkutano wa kitongoji uliamua awe ameondoka kabla ya Pasaka, na vijana watatu wakajitolea kwa sauti kumsaidia kufunga mizigo, na watu wakacheka kicheko ambacho leo tukikikumbuka hatupendi.

Kumbe Evelina hakuwa amelala. Kwa miaka kumi alikuwa amemwaga maji ya mito na maziwa kwenye visahani, na hakuna hata mara moja kisahani kilichobaki kitupu, kwa maana maji ya porini yana viumbe vya kila namna, vyeupe, vya manjano, vyenye manyoya, na kile kisahani cha chupa ya juu kilikuwa safi kama siku kilipotengenezwa. Alimwambia mumewe Edgar, "Mto haunyamazi hivi. Aliyeunyamazisha ni mtu." Daktari alikuwa amemkataza safari za milima tangu mwaka uliotangulia. Jumanne alipanda basi na boksi la visahani na hadubini ndogo, na Jumatano saa tisa alasiri alitokea kwenye mkutano huu huu tunaousimulia, midomo imegeuka rangi ya zambarau kwa kukosa pumzi, akawasalimia wazee shikamoo mmoja mmoja hadi mwisho wa benchi, ndipo akaomba kusema.

Aliomba siku tano, kwa sababu hamira haiharakishwi. Kijana mmoja akamwambia, "Dada, karatasi yako ya kwanza imesema, ya pili ya nini?" Akamjibu kwamba karatasi ya kwanza haikusema, ilinyamaza, na ninyi mkaisemea. Mzee Alphonce akampa hadi Jumapili ya Pasaka baada ya ibada, hata saa moja zaidi hakuongeza, na Evelina akasema kwamba siku hizo zote atalala kwa mama Perpetua, ili atakayekuja kumfungia mizigo amfungie na yeye.

Wakiwa wanashuka pamoja kutoka mkutanoni, alimuuliza kaka yake swali moja. "Kaka, maji ya juu uliyachota vipi?" Tobia alikuwa amekwisha kuelewa, kwa kuwa alisikia aliyosema mkutanoni kuhusu maji ya porini, na sufuria ya Modesta ilimjia machoni kama mtu aliyesimama mlangoni. Watu walikuwa nyuma yao wakisikiliza. Akajibu, "Kama ulivyoniagiza." Evelina hakuuliza tena.

Alhamisi alfajiri alipanda msituni yeye mwenyewe. Njia ile kwa mtu mzima mwenye afya ni nusu saa, naye alitumia saa mbili na nusu, akikaa kwenye mawe, mama Perpetua akimshika mkono, na Tobia akifuata nyuma amebeba boksi na kushindwa kuinua macho. Alichota kwa chupa iliyofunguliwa pale pale, akamwagia visahani sita, akavifunika. Sasa baridi ya kwetu mnaijua, na hamira hutaka joto la wastani, kwenye maabara yake kulikuwa na kabati la umeme kwa kazi hiyo na huku hakuna, kwa hiyo alivifunga visahani kwenye kanga, akajifunga kifuani kama mtu anayembeba kichanga, akavaa sweta juu yake, na kwa siku tatu hakuvitoa isipokuwa kuvitazama. Ijumaa Kuu visahani vilikuwa vitupu. Jumamosi asubuhi vilikuwa vitupu, na vijana wale watatu walipita njiani wakauliza kwa sauti ya adabu kama kamba zinahitajika. Mama Perpetua alikuwa ameanza kukunja nguo zake, na Evelina akamwambia, "Mama, zikunjue, unanipa baridi." Jumamosi alasiri yaliota madoa, lakini meupe, ya hamira nyingine, na Tobia aliyekuja kuuliza alirudi nyumbani akiwa hajui anachomwomba Mungu, kwa sababu madoa yakitoka mekundu mjane atapona na uongo wake utajulikana, na yasipotoka uongo wake utafichika na mjane ataondoka. Hilo ndilo aliloomba liandikwe humu bila kupunguzwa. Kuna saa kadhaa za Jumamosi ile ambazo hakujua anataka lipi.

Jumapili ya Pasaka, tarehe 17 Aprili, kabla ya ibada, Evelina alifungua kanga. Kwenye visahani vinne kati ya sita yalikuwa yameota madoa, madogo kama kichwa cha pini, mekundu.

Baada ya ibada aliweka hadubini juu ya meza ya mzee wa kanisa, akageuza kioo kushika jua, akamwita mwenyekiti kwanza. Mzee Alphonce aliinama muda mrefu, kisha akasema, "Naona kama maharage, na kila harage lina mtoto ubavuni." Evelina akamwambia, "Hiyo ndiyo, baba. Imo juu ya nyumba ya mama Perpetua kama ilivyo chini. Ipo kwenye majani, kwenye mawe, majini, mvua ikizidi inashuka nayo. Si damu na haikuletwa na mtu. Madumu yenu yamechubuka ndani, inajificha kwenye michubuko. Yasuuzeni kwa maji yaliyochemshwa, yaanikeni juani mdomo chini, na yaliyozeeka yatupeni." Aliposema "yaliyochemshwa" hakumtazama kaka yake, naye kaka yake ndiye pekee aliyesikia hilo neno kama kofi.

Ndipo lile swali likaja, kama ilivyobidi. Mtu mmoja aliuliza kwa nini basi chupa ya kwanza ya juu ilikuwa tupu, na nani alidanganya. Tobia alikuwa amesimama safu ya tatu, amefungua kinywa. Evelina akawahi, akasema, "Kosa lilikuwa langu. Sikueleza vizuri namna ya kuchota." Watu wakanung'unika, wakatawanyika, na kuanzia siku hiyo wako waliomwita mtaalamu wa karatasi mbili, jina ambalo lilimfika mpaka Morogoro, naye akalicheka. Mama Perpetua alibaki nyumbani kwake. Mwezi Juni kituo kikayapokea maziwa yetu, na bitiruti zikapandwa upya, safari hii watu walileta mbegu bila kuombwa.

Tangu mwaka ule afya ya Evelina iliendelea kushuka. Mwezi Septemba 2023 alilazwa mara ya kwanza, mwezi Agosti 2024 mara ya pili, na tarehe 19 Januari 2025 alipelekwa Moshi kwa ajili ya kubadilishiwa kizibo cha moyo, yaani vali, akawekwa kwenye foleni, na foleni ilikuwa ndefu kuliko nguvu zake. Tobia alimuuliza daktari kama kupanda kule msituni kuliuharakisha ugonjwa, na daktari, ambaye tunamshukuru kwa ukweli wake, alisema ugonjwa ulianza utotoni na ungefika tu, lakini kama ungefika mwezi fulani au mwaka fulani, hilo yeye hawezi kulisema. Hivyo nasi hatulisemi.

Jumatatu, tarehe 3 Februari, saa ya kuona wagonjwa, Tobia alikwenda akiwa amekusudia kulisema lile neno. Alimkuta dada yake ameegemezwa mito, akamuuliza kuhusu mama, kuhusu ndama, kuhusu kabichi za mama Perpetua, akamtania kwamba shati lake limefungwa kifungo cha juu kwenye tundu la chini, na muda ukaisha. Tobia alisema atarudi kesho na uji. Neno alilirudisha kwenye nyumba ya wageni alikofikia, akalala nalo, na kesho yake mnaijua.

Edgar alipokuwa akikusanya vitu vyake alitukabidhi daftari lake la kazi la mwaka 2022, lenye jalada la bluu, ambamo kila chupa ina mstari wake. Kwenye mstari wa chupa ya juu ya tarehe 3 Aprili, ameandika kwa mkono wake, tarehe 13, yaani jioni ile ile aliyomuuliza kaka yake njiani, maneno haya tunayoyasoma kama yalivyo: "Haitumiki. Maji yalichemshwa. Mchotaji alifanya hivyo kwa heshima. Asiulizwe tena."

Alhamisi wiki hii Tobia alikwenda na daftari hilo kwa mama Perpetua, akamweleza habari yote, ya sufuria, ya njiani, na ya Jumamosi ile. Mama akasema, "Baba Yunis, mimi miaka hii yote nilifikiri Mungu alikuwa amenikasirikia. Kumbe ilikuwa sufuria." Akacheka, na katikati ya kucheka akalia, akaomba aonyeshwe mahali palipoandikwa, na ingawa hajui kusoma aliweka kidole juu ya mstari mpaka Tobia alipomaliza kuusoma. Hakusema kama amesamehe. Alisema, "Maji ya msiba nitachota mimi." Na maji mnayokunywa hapa tangu jana, ndugu waombolezaji, yamechotwa na mama huyu kwenye kijito cha Nkindu, na yamechemshwa.

Mama Perpetua, mbele ya jeneza hili, mbele ya mchungaji na kitongoji kizima, Tobia anakuomba msamaha, na sisi tuliong'oa na tuliocheka tunauomba pamoja naye.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Moshi waliomhudumia siku kumi na saba bila kumchoka, tunamshukuru yule muuguzi aliyemwambia Tobia aweke chupa chini. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa maabara, mliokuja na visahani vyake vya mwisho ili watoto wake waone rangi aliyokuwa akiitafuta mama yao, Kristian amekataa kukirudisha kimoja, tunaomba mumwachie. Tunawashukuru majirani mlioleta kuni, ndizi na maharage, kwaya, mzee Alphonce, mchungaji, na wewe Edgar, uliyemwachia apande lile basi ukijua anakokwenda. Marehemu ameacha mama, mume, watoto wawili, kaka wawili na dada mmoja.

Tusimame tuombe. Ee Bwana, uliyeviona vyote vilivyomo majini kabla jicho letu halijaviona, mpokee mtumishi wako Evelina, ambaye alijua kosa la ndugu yake, akaliandika, akalifunika. Yeye hakumuuliza tena. Nawe, Bwana, mahali alipokosea yeye, usimuulize. Mpe pumzi aliyoikosa kwenye njia ile ya msituni, mpe joto alilowapa viumbe vyako vidogo kifuani pake, na utupe sisi tuliobaki ujasiri wa kusema mapema. Pumzika, mdogo wetu, kwa amani uliyotupa sisi. Amina.